Besi wa Kwanza wa Opal

Shoga, ngoja nikusimulie! Nilikuwa gatini kule ziwani namfundisha Opal, mtoto wa kaka yangu, kurusha mshipi. Mara jamaa nisiyemjua akatusogelea na boti yake inayometameta. "Dada, watoto wakacheze nyumbani. Mnanifukuzia hawa samaki wangu, besi!"

Nikamwambia ziwa si la baba yake. Nilimwambia hivyo hivyo!

Papo hapo Opal akanasa besi mkubwa, tumbo limejaa mayai.

Jamaa yule yule: "Usimwachie! Hiyo rekodi ya ziwa! Mpeleke kwenye mizani, jina la mtoto libandikwe ukutani kwenye duka la wavuvi!"

Rekodi, shoga. Rekodi! Nami nililitaka jina lile ukutani kuliko Opal mwenyewe.

Opal akaninong'oneza, "Shangazi, ulisema mwenye mayai anarudi majini."

Nilisema. Tukamshusha majini pamoja, jamaa akijishika kichwa. Ajishike tu!