Dawa Mpya na Gego Langu

Jumatatu, 3 Machi
Sindano tena, chini ya ngozi ya tumbo. Inauma kidogo, basi. Tuko vijana wachache tunaofanyiwa majaribio ya dawa hii hapa Dodoma mjini, wote tuna hemofilia. Damu zetu hazigandi sawasawa. Tangu nianze, goti halijavimba. Sichechemei. Darasani Athumani, jirani yangu wa dawati, aliuliza, "Mzee, fimbo umeuza?" Wote walicheka. Mimi pia. Naogopa kufurahi mapema.

Jumamosi, 15 Machi
Gego limeoza. Nakula mlenda na uji tu. Kusoma nimeshindwa. Daktari anataka ling'olewe. Anasema dawa imeanza kunilinda, na nyingine ya kugandisha damu itakuwa tayari. Mama amekataa. Mjomba Lechipya, kaka yake, aling'olewa jino akiwa na umri wangu. Damu haikukatika mpaka akafa. Kule kijijini kwao, Haneti, walisema amerogwa. Hakuna aliyejua ni ugonjwa, wala kwamba ungenifikia mimi.

Nalichukia jino hili.

Jumatano, 19 Machi
Tulirudi kliniki. Daktari ni mdogo kwa Mama, akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu si panya wa kujaribia." Daktari hakukasirika. Alieleza upya, polepole, hata hatari zake hakuficha. Halafu akasema na mimi niulizwe. Wakanigeukia wote. Sipendi kutazamwa. Niliangalia viatu vyangu.

"Mama, mimi nataka ling'olewe."

Mama alitembea mbele yangu njia nzima. Wakati wa kula aliuliza kama daktari yuleyule atakuwepo siku ya kung'oa. Nikasema ndiyo. Akaniongezea mlenda.

Alhamisi, 27 Machi
Limetoka. Nimelazwa ili waniangalie. Nimeng'ata pamba, mdomo una ladha ya chuma. Niliogopa sana. Bado naogopa. Mama amekaa kwenye kiti karibu na kitanda. Wamemwambia akapumzike, hataki. Kila nikimeza ananitazama.

Ijumaa, 28 Machi
Nimeamshwa na mkono wa Mama. Aliniinua kichwa, akauchomoa mto, akaupeleka dirishani penye mwanga. Akaugeuza upande wa pili. Una doa la mate tu. Alisimama nao pale muda mrefu, mgongo kwangu.

Akaurudisha. Akakaa. Sasa amelala palepale kitini, mdomo wazi, kitenge kimeanguka.

Muuguzi ameingia na salamu zake za asubuhi. Nimeweka kidole kwenye midomo, anyamaze.