Niliunguza Orodha ya Gari la Papa Issaka

Mama Godelive,

Nakusikiliza redioni kila Alhamisi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, lakini sasa ni wiki ya tano silali vizuri, na ofisini ambako mimi ni karani nimekosea tarehe mara mbili kwenye barua za mkubwa wangu, jambo ambalo halijanitokea tangu niajiriwe, kwa hiyo nakuletea neno ambalo nimeshindwa kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Tafadhali usisome jina langu.

Kuna mzee jirani yetu hapa Butembo, upande wa Rughenda, anaitwa Papa Issaka. Zamani alikuwa na malori kule Beni, akahamia huku na familia yake usalama ulipoharibika, na marehemu baba yangu, Josaphat, aliyekuwa fundi wa kuchomelea, alikuwa rafiki yake mkubwa ingawa mmoja alikwenda msikitini na mwingine misani. Kilichowaunganisha ni gari. Ni Chevrolet ya Amerika, ya mwaka 1957, ambayo baba yake Papa Issaka aliinunua kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa anaondoka wakati wa uhuru, na Papa Issaka alianza kuitengeneza akiwa na miaka kumi na tisa, leo ana sabini na sita na hajaacha. Pete za pistoni alizitafuta miaka mitatu mpaka zikapatikana Kampala, kioo cha mbele kiliingilia mpakani Kasindi kimefungwa katikati ya magodoro mawili, na mlango wa kushoto ulipoliwa na kutu chini baba yangu alikata sehemu mbovu na kuziba kwa bati alilolipiga nyundo siku nne, mpaka likakubali kujikunja kama la kiwandani. Watu walimwambia Papa Issaka aweke injini ya Toyota apumzike. Aliwajibu: "Ukiniwekea moteri ya Toyota, ile haiko tena Chevrolet. Ni Toyota yenye kuvala koti ya marehemu." Maharusi wengi wa mtaa wetu walibebwa na gari hilo, Waislamu kwa Wakatoliki, na mama yangu ni mmoja wao.

Vita ilipopanda upande wa Lubero, kila mwenye gari hapa aliogopa kwamba watu wenye bunduki watalichukua wakipita, kwa maana tumeshayaona. Wengine waliondoa magurudumu, wengine wakafukia betri. Papa Issaka alisema hiyo haitoshi, akafanya kama alivyofanya katika vita ya zamani, akalifungua gari lote. Kwa siku nne vipande vilitoka kwa mlango wa uani, vingine kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, chini ya viazi, vingine migongoni mwa akina mama, kila kipande na nyumba yake, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikiandika kwenye daftari ni kipande gani, kwa nani, mtaa gani. Vilikuwa vipande tisini na kimoja, nyumba zaidi ya arobaini. Ikabaki bodi tupu juu ya matofali, kuku wakahamia ndani.

Siku hizo zote yeye mwenyewe alikaa chumbani, amegeukia ukuta. Nilimwuliza kwa nini hataki hata kuona nani anabeba nini. Akasema: "Mutoto yangu, bakinipiga nitasema. Kama sijue, bapige mpaka bachoke. Weye uko karani, andika muzuri, na usifanye kopi." Watu wote wakaagizwa kwamba habari ya vipande wasimwambie yeye hata kidogo, waniambie mimi tu. Baadaye ndipo nilipofikiri, Mama, kwamba mimi pia nina mgongo wa kupigwa.

Miezi miwili ikapita, na asubuhi moja, saa mbili, mtaa ukazungushiwa askari, bouclage, wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na daftari mkononi. Nililifungua nikalisoma kwa macho ya mtu asiyetujua, nikaona majina zaidi ya arobaini, mitaa yao, na mbele ya kila jina kitu cha chuma kilichofichwa, na nikajiuliza nani atakayenisadiki nikisema ni gari la harusi. Maharage yalikuwa motoni. Nililisukuma daftari chini ya sufuria, ukurasa kwa ukurasa, mpaka likaisha. Askari walipofika waliomba kadi za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyetu, wakaziangalia, mmoja akasema "C'est bon, mama," yaani ni sawa, wakaenda kwa jirani. Jikoni hawakuingia. Maharage yenyewe yalikuwa hayajaanza kuchemka.

Sasa hofu imepungua na watu wamerudisha magurudumu yao, lakini jicho la kushoto la Papa Issaka limezimika na la kulia linafifia, na daktari amemwambia asihesabu miaka ya kuona, ahesabu miezi. Anataka kulifunga upya gari lake, kipande kwa kipande, akiwa bado anaona. Akaniuliza: "Karani, liste iko wapi?" Nikamjibu kwamba niliifungia kwenye kabati la ofisi na mkubwa wangu amesafiri na funguo. Wiki iliyofuata nikasema bado hajarudi. Wiki ya tatu akacheka: "Huyu mukubwa yako alienda Amerika kunitafutia boulons za gari?" Nikacheka naye, nikaaga nikarudi nyumbani.

Kuna jambo baya zaidi. Mama Hawa, anayeuza mkaa, alikuja kwetu mwenyewe na mlango wa kushoto mgongoni, umefungwa blanketi, kamba kwenye paji la uso, jasho linamtiririka. "Nilikuya kurudisha mulango ya Papa Issaka," akasema. "Nyumba yangu iko kidogo, mama, batoto banalala juu yake."

Nikamwambia: "Bado, mama. Tunafuata orodha. Urudi nayo kwanza, tutakuita."

"Orodha? Mulango iko hapa mugongoni yangu, na weye unatafuta karatasi?"

Nikasema ndio utaratibu. Akarekebisha kamba, akaondoka na mzigo wake. Baada yake akaja Paulin, mwingine aliyeficha vipande, na taa mbili za mbele ndani ya kikapu, nikamrudisha vilevile, kwa sababu niliona kwamba vipande vikianza kuja kimoja kimoja mzee atauliza vilivyobaki viko kwa nani, nami sitakuwa na jibu. Tangu hapo hakuna anayekuja. Wengine walikwisha kurudi mashambani upande wa Mabalako na siwajui hata majina ya pili. Nikijilazimisha nakumbuka kama vipande thelathini.

Nimefikiri kusema kwamba daftari liliibiwa. Nimefikiri pia kunyamaza, abaki na tumaini lake mpaka mwisho, labda ndiyo huruma. Nifanye nini?

Karani, Butembo

*

Binti yangu,

Nimebadilisha majina yote kabla ya kusoma hewani, lakini Chevrolet ya 1957 haziko mbili Butembo, na mzee ambaye macho yanamwacha anasikiliza redio kuliko sisi wote. Kwa hiyo jibu hili limekufikia kwa mkono leo Jumapili. Litasomwa Alhamisi. Zitumie siku hizo vizuri.

Daftari nakusamehe. Asubuhi za namna ile tunazijua, na orodha ya majina na vyuma ningeiunguza mimi pia. Ungemwambia siku hiyohiyo, angeomba chai, na kesho yake mngeandika lingine ungali unakumbuka karibu vyote. Wewe ulingoja. Kila wiki uliyosingizia funguo za mkubwa wako ilipunguza vipande kichwani mwako na mwanga katika jicho lake. Moto ulichukua karatasi tu.

Lakini Mama Hawa, hapana. Hapo sina huruma ya kukupa. Mtu aliilinda mali ya mwingine katika chumba ambamo hata wanawe hawana pa kulala, akaileta mwenyewe bila kuitwa, nawe ukamrudisha ili uongo wako usipate usumbufu. Tena mlango gani? Ni ule ambao baba yako aliupigia nyundo siku nne. Uliandika hivyo kwa mkono wako, halafu ukapita kana kwamba hukuandika.

Unauliza kama kunyamaza ni huruma. Huruma gani? Mzee anangoja kabati ambalo halina kitu. Na habari ya kuibiwa usiitaje tena, maana itabidi umtafute mwizi, na mji huu una watu wa kutosha wanaoteswa kwa makosa ambayo si yao.

Sasa sikiliza. Utakwenda kwa Papa Issaka, utakaa mbele yake, si pembeni, na utasema maneno haya: niliunguza, niliogopa, nikakudanganya wiki tano, na waliorudisha nikawafukuza. Usianze na askari. Usilie kabla hajajibu, kwa sababu atalazimika kukubembeleza na hiyo si kazi yake. Akikasirika, akae na hasira yake, wewe usiondoke.

Akimaliza, mwombe akutajie gari lake kipande kwa kipande. Wewe umepoteza nani alibeba, hukupoteza nini kilibebwa. Yeye analijua lote kwa vidole, na kila atakapotaja kitu sura ya aliyekibeba itakurudia, si zote, ila nyingi kuliko thelathini. Kisha ifute ile amri yake ya zamani, kwa ruhusa yake, watu wawe huru kumletea yeye moja kwa moja. Itangazwe msikitini Ijumaa na misani Jumapili, na wenye pikipiki waendao Mangina wabebe habari hadi Mabalako. Kila nyumba inajua ilichoficha. Hao hawahitaji daftari lako, hawakulihitaji hata siku moja.

Siwezi kukuahidi kwamba vyote vitarudi. Kipande kimoja kitakuwa kimehama na wakimbizi, kingine kitakuwa kimegeuzwa jiko. Inawezekana siku injini itakapowaka mzee ataisikia tu, asiione. Ikiwa hivyo, utajua ni wiki zipi zilizokosekana, na hilo utalibeba, sina dawa yake.

Lakini kabla ya yote hayo, leo, pita kwa Mama Hawa umwombe radhi mbele ya wanawe. Mlango ule aliubeba kwenda kuuficha, akaubeba kuja kwako, akaubeba tena kurudi nao. Mara ya nne funga kamba kwenye paji lako mwenyewe, na uingie nao kwa Papa Issaka ukiwa mgongoni.