Maji Mapya, Samaki wa Marehemu

Jumapili. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Panda tangu asubuhi na hayataki kunyesha. Nguo inanishika mgongoni. Nimetoka misani na hasira kubwa kuliko ile niliyoingia nayo.

Acha niandike, maana nikiyasema kwa mdomo nitavunja nyumba.

Wifi yangu Marceline ni dada mkubwa wa mume wangu Gustave, ndiyo maana tunamwita Yaya. Alihamia kwetu kutoka Kambove baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na mabegi, sufuria zake, na ndoo ya rangi yenye samaki wekundu wa marehemu, maana tangi lao la zamani lilipasuka njiani. Gustave hawezi kumwona dada yake akilia. Alinunua tangi jipya la kioo, akalijaza maji ya bomba siku ileile, akawamwaga samaki ndani, kisha akapanda lori lake kwenda mpakani Kasumbalesa.

Aliniachia samaki na dada. Sikuomba hata mmoja.

Tangi jipya ni hatari kwa samaki. Uchafu wao unageuka amonia, na amonia inawachoma mashavu wanayopumulia. Viko vijidudu vizuri vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vingine vinavyoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Lakini vijidudu hivyo vinaota polepole, hasa ndani ya sponji ya kichujio. Mwenye akili angesubiri viote kwanza, ndipo alete samaki. Kwetu samaki walikuwa wamekwisha kuingia. Basi kazi ni kupima maji kila siku, na kipimo kikipanda, kuyapunguza na kuongeza mengine yaliyolala kwenye ndoo mpaka klorini ya bomba ikatoka.

Nauza dawa kwenye farmasi mjini, kwa hiyo mambo ya matone na rangi hayanitishi. Niliagiza vipimo Lubumbashi. Kila asubuhi nachota maji kidogo kwenye kichupa, naweka matone, natikisa, nasubiri rangi. Amonia ikiwa njano, salama. Ikiwa kijani, balaa.

Nikiri kitu kimoja hapa. Siwapendi samaki hawa. Nataka waishi kwa sababu wakifa, Yaya ataniambia ni mimi niliyewaua.

Na kumbe ameshaanza kusema.

Leo baada ya misa, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono mlangoni, mbele ya watu, akaniuliza kwa sauti ya huruma kwa nini natilia samaki wa mjane dawa. Nilimweleza kwamba matone yanaingia kwenye kichupa, hayaingii kwenye tangi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kuamini jambo lake. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa naona giza.

Nilipofika nilienda moja kwa moja kwenye tangi. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wakitafuta hewa. Yule mkubwa alikuwa amelala chini, ubavu mmoja, mashavu yamevimba. Nikapima. Asubuhi niliwahi misa bila kupima; kwa wiki nzima hadi jana rangi ilikuwa inasogea kuelekea njano. Leo ilitoka kijani kizito.

Nikakitazama kichujio. Sponji ilikuwa nyeupe kama imetoka dukani.

Yaya alikuwa jikoni. Nikamuuliza kama ameigusa. Alijibu bila kugeuka kwamba ndiyo, ameiosha kwa sabuni jana jioni, ilikuwa na utelezi na inanuka, na yeye hakulelewa katika uchafu. Utelezi ule ndio ulikuwa uhai wa tangi. Wiki zangu zote zilikuwa ndani yake.

Nikamwambia kwamba muuaji ni yeye: “Yaya, weye njo unaua samaki ya bwana yako.”

Aliweka kisu chini. Nilidhani atapiga kelele. Akasema taratibu, “Bwana yangu, kule hospitali, balikuwa banamupima kila siku. Damu, mukojo, yote. Kila siku banasema bamepima. Alikufa banapima. Sasa na weye unapima.”

Sikumwonea huruma papo hapo, siwezi kujisingizia wema. Nilimwona tu kwa mara ya kwanza akiogopa kichupa, mimi niliyedhani anakidharau.

Lakini samaki hawangoji wanawake wamalize ugomvi. Nilitoa nusu ya maji nikaanza kumimina yale ya ndoo. Niliponyanyua ndoo ya pili, yeye alishika upande wa pili. Hakuniangalia. Tuliinua pamoja kama watu wanaobebeshwa jeneza la mtu wasiyemfahamu.

Yule mkubwa alikufa mchana. Yaya alimtoa kwa mkono wake, akamfunga kwenye kitambaa, akatoka nyuma ya nyumba. Sikumfuata. Nilisikia jembe.

Jioni waliobaki walishuka kutoka juu, wakaanza kuzunguka tena. Nikapima. Kijani, lakini chepesi. Yaya alikuja akasimama nyuma yangu, akanyoosha mkono. Nikampa kichupa. Alikiinua kwenye taa, akakilinganisha na rangi za kwenye karatasi ya vipimo, moja baada ya nyingine, akachukua muda wake.

“Bado,” akasema.

“Bado, Yaya.”

Akanirudishia. “Kesho utapima miye niko pale.”

Sijui kama anataka kujifunza au anataka kunichunga. Pengine mwenyewe hajui. Hakuomba radhi kwa yale aliyoyatangaza kanisani, nami sikuomba kwa lile nililomwambia jikoni, na usiku huu kila mmoja amefunga mlango wake.

Nimekubali, hata hivyo. Kesho kabla ya kwenda kazini nitaweka viti viwili mbele ya kioo. Sitaviweka karibu.