Tiba ya Moyo Bila Kisu

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Kanisius,

Shikamoo kaka. Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, umuulize na goti lake, kama limeikubali baridi ya huko Mbinga au bado analikanda kwa maji ya moto. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Na maharage mmeyavuna, au mvua imeyaozesha shambani? Sie huku joto limetukalia kichwani. Tumelizoea, ila kuzoea si kupenda.

Jirani yetu aliyetoka likizo huko kaniambia mmesikia kwamba nimetibiwa moyo Kinondoni na nimepona kabisa, na mama kashatoa sadaka ya shukrani. Kaka, sijatibiwa na sijapona. Niko hai, nafundisha, nakula. Lakini nimeshikwa na kinyaa mpaka hata maji ya kunywa yananipita kwa shida, na bora mkisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Moyo wenyewe ulianza hivi. Nilikuwa nafundisha darasa la nne, naandika hesabu ubaoni, mara nikasikia kifuani kitu kinapapatika kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya tenga. Chaki ikaniponyoka. Nilipozinduka nilikuwa nimelala sakafuni na watoto wamenizunguka, wanadhani mwalimu wao amekufa. Mwalimu mkuu alikuja mbio, akainama, na swali lake la kwanza likawa, "Mwalimu Dafroza, una mimba?" Mimi, ambaye Neema wangu yuko sekondari! Mwenzangu mmoja wa ofisini akawanong'oneza wengine kwamba nilikuwa nimekunywa. Huku mtaani, bombani, wanawake wakakata shauri kuwa nina jini wa pwani aliyenipenda kwa sababu mie ni mtu wa bara. Kila mtu alikuwa na jibu. Hakuna aliyeniuliza nasikiaje.

Nikaenda hospitali ya serikali. Huko nilimkuta daktari wa moyo, mama wa makamo, sauti yake ya chini mpaka lazima usogee. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima visivyolingana. Daktari akakunja ngumi yake mbele yangu, akawa anaifumba na kuifumbua.

"Moyo mzima unapiga hivi," akasema. Kisha akavitetemesha vidole. "Wako, vyumba vya juu vinafanya hivi. Havipigi, vinatetema. Damu ikituama humo inaweza kuganda. Kipande kikichomoka kikaenda kichwani, mama, hicho ndicho kiharusi."

Akanipa vidonge vya kuutuliza moyo na vingine vya kuzuia damu isigande, akaniambia nisiache hata nikijisikia mzima. Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kuondoa jambo hili moja kwa moja.

"Nje wanachoma," akasema. "Wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, unapanda mpaka moyoni, ncha yake inachoma pale panapoleta fujo. Hapa kwetu hatuna. Na kwa ugonjwa wako kuna njia mbili. Moja, wanachoma njia inayopeleka mapigo chini, halafu unaishi kwa betri iliyowekwa chini ya ngozi maisha yako yote. Fujo ya juu inabaki, na vidonge vya damu unaendelea navyo. Ya pili ni kuitafuta fujo yenyewe na kuichoma. Hiyo hata wao bado wanajifunza."

"Wakishachoma wanakitoa?"

"Hakuna kinachotolewa. Linabaki kovu humo humo ndani."

"Ungekuwa wewe, daktari, ungefanyaje?"

Akanitazama. "Sijui," akasema.

Kaka, nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikamwambia Baba Neema, daktari gani huyu, nimesafiri na maradhi yangu mpaka kwake, ananiambia hajui?

Kwenye benchi la kliniki ile ndipo nilipofahamiana na Mzee Shomari, fundi cherehani wa Temeke, mzaliwa wa hapa hapa Dar tangu babu zake. Ugonjwa wetu mmoja. Akiniona tu anasema, "Mwalimu, leo ngoma yako inapiga mdundiko wa harusi au inapiga matanga?" Nacheka mpaka wauguzi wananikemea. Alinishonea blauzi ya kitenge, mikono imekaa vizuri sijapata kuona.

Basi, Baba Neema mnamjua. Ni mtu mwema, lakini mtu akivaa koti jeupe kwake ni nabii. Siku moja akarudi na habari: Kinondoni kumefunguliwa zahanati, ubao wake umeandikwa TIBA YA MOYO BILA KISU. Mwenyewe anajiita Dokta Profesa, vyote viwili kwa pamoja. Anachoma kwa waya, vile vile kama nje, bila kupanda ndege. Siku hizi, kaka, huku kila kitu ruksa. Mtu akiwa na chumba na rangi ya ubao, kesho ana zahanati. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimechoka kulala huku nimeshika kifua changu kama mtu aliyeshika mlango usifunguke. Nikakubali.

Chumba kilinukia rangi mbichi na spiriti. Dokta Profesa ni kijana mnene, mikono laini, pete kubwa kidoleni. Hakupima kitu. Alinigusa kifua kwa kidole kimoja akasema, "Mshipa wako mbaya ni wa kushoto. Leo leo unatoka." Sikuulizwa hata vidonge ninavyomeza. Nikalazwa kitandani, kando pana boksi la chuma lenye taa mbili, waya wake umechomekwa ukutani kama wa pasi. Akanifunika macho kwa kitambaa. Nikasikia joto kifuani, kama mtu amenisogezea taa ya kandili. Halafu nikasikia sauti ya kitu kinachokaangwa, na harufu.

"Mama, unasikia harufu hiyo?" akasema. "Huo ndio mshipa wako unaungua."

Kaka Kanisius, mshipa wangu ulinukia kitunguu.

Akanifunua macho. Mkononi kashika bakuli la hospitali, ndani yake kipande cheusi chenye mikunjo, kinatoa moshi. Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni, amevua kofia. "Asante dokta," anasema. "Mungu akubariki, dokta."

Nikakumbuka yule daktari wa serikali: hakuna kinachotolewa. Nikainuka nikakiangalia kile kipande kwa karibu.

"Hii ni firigisi," nikasema.

"Mama, tulia, dawa ya usingizi inakuchanganya."

"Hukunipa dawa ya usingizi. Hii ni firigisi ya kuku."

Nikashuka kitandani nikavuta pazia lililokuwa nyuma yangu. Jiko la mafuta ya taa, kikaango, kisu, na msichana mwenye gauni la uuguzi amechuchumaa. Mbele yake sahani ya firigisi zilizokaangwa, na chumvi pembeni. Alikuwa anatafuna. Yaani walikuwa wanatukaangia mishipa yetu ya moyo, na inayobaki wanaila kwa chumvi. Nilitapika pale pale, kaka, kwenye viatu vyake Dokta Profesa, na sijutii.

Nikatoka nje kwenye benchi la wagonjwa nikawaambia kila kitu, vile nilivyo, kifua wazi na kanga mkononi. Unadhani walinyanyuka? Mama mmoja akajivuta pembeni nisimguse. Mzee mmoja akasema, "Huyu kapandisha jini." Msichana naye akatokea, anafuta midomo, akawaambia, "Msiogope, dawa ikishaingia inafanyaga hivyo." Wakatikisa vichwa, wakamhurumia Baba Neema. Na Baba Neema akanishika mkono akaniburura mpaka barabarani, uso umemshuka kwa aibu. Aibu yangu mie, si ya yule tapeli!

Nikaenda moja kwa moja Temeke kumwonya Mzee Shomari. Nilimkuta barazani, cherehani inakimbia, anaimba. Aliponiona akainuka kwa furaha.

"Mwalimu! Mie nshapona, alhamdulillahi. Njoo uone."

Juu ya kabati lake, kwenye chupa ya jemu iliyojaa spiriti, kilikuwepo kipande kile kile chenye mikunjo. Alikiweka karibu na picha ya marehemu mkewe.

Nikamwambia. Nilimwambia taratibu, nimeketi, kama unavyomwambia mtu habari ya msiba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "miye sasa napanda ngazi bila kuhema. Unataka niseme sipandi?"

"Na vidonge, mzee?"

"Dokta kasema niviache. Mshipa umetoka, vidonge vya nini tena?"

"Mzee wangu, nakuomba, vimeze. Amini firigisi yako, lakini vidonge vimeze."

Akacheka, akanipigapiga begani. "Usinitie shaka, mwalimu. Shaka nayo ni maradhi."

Kiharusi kilimkuta yuko kazini, nguo ya mtu bado iko chini ya sindano. Upande wa kulia wote umekufa. Mdomo umekwenda pembeni, na maneno hayatoki, ila sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Nilipokwenda kumwona hospitali alinitambua, machozi yakamtiririka. Nilimfuta, nikatoka nje, nikasimama ukutani nikiwa nataka kumng'ata mtu. Fundi yule, mkono ule!

Mwanawe Mwanaidi na mie tukaenda polisi. Askari akatusikiliza huku anachokonoa meno. "Ushahidi uko wapi?" Ile chupa, shangazi yake Mwanaidi alishaimwaga chooni, eti watu wasije wakajua mzee alitapeliwa. "Na wewe mama, si unasema ulifunikwa macho? Nani mwingine alikuwemo?"

Alikuwemo Baba Neema. Yeye aliona kila kitu kutoka mlangoni, pazia, kikaango, sahani. Nikamwomba. Akasema, "Mama Neema, tutachekwa Mbagala nzima. Kazini wataniita Firigisi mpaka nastaafu." Sikugombana naye, kaka. Ningegombana ingekuwa nafuu. Nilimtazama akila, nikashindwa kukaa naye meza moja. Yule tapeli nilimchukia kama unavyomchukia nyoka. Lakini huyu nilimchagua mwenyewe.

Nilirudi kwa daktari wa serikali nikamweleza yote. Hakucheka. Aliweka kalamu chini. Kisha akaniuliza kama ninataka jina langu lipelekwe kwa wanaoombewa matibabu nje. Akasema hawezi kuahidi kwamba litapita, na likipita hawezi kuahidi kwamba nitapona.

Nimelifikiria sana. Ile ya betri nimeikataa kwa sasa. Betri ikiisha, nani atanibadilishia huku kwetu? Na ile nyingine, kama wenyewe bado wanajifunza, wajifunze kwanza kwa mioyo mingine. Nikamwambia nitakaa na vidonge, nipime damu kila ninapotakiwa, na mambo yakibadilika aniite. Akasema ni uamuzi wenye akili. "Lakini kuwa ni sahihi, mwalimu, sijui." Safari hii sikukasirika. Nilitaka kumkumbatia. Katika watu wote waliokishika kifua changu, huyu peke yake hakunidanganya.

Basi mwambie mama ukweli. Shukrani aliyoitoa isirudishwe, Mungu anajua aiweke wapi. Na huko kwenu akitokea mtu na boksi lenye taa, mfukuzeni.

Mzee Shomari yuko nyumbani kwake sasa. Mwanaidi anamlisha uji kwa kijiko. Cherehani wameifunika shuka.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini kuna la jana. Baba Neema aliamka, akavaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi, akatoka bila kuaga. Nikajua kaenda zake kunikimbia. Baadaye Mwanaidi akaja anahema, akaniambia amemkuta kituoni, amesimama mbele ya yule yule askari, anasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Mimi ndiye niliyempeleka mke wangu. Mimi ndiye niliyesema asante. Andika." Askari wakacheka, kweli walicheka, mmoja akaigiza kuku. Baba Neema akangoja wamalize, akarudia tangu mwanzo. Mchana wakaenda naye Kinondoni, wakamkuta Dokta Profesa na kikaango kiko motoni. Wamemchukua. Kama atakaa ndani sijui, wewe unajua mambo ya wenye pesa.

Alirudi jioni, akakaa kibarazani, hakuthubutu kuingia. Nilimpelekea chakula huko huko nje. Kuongea naye, bado.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao hajafa. Msalimie baba mdogo na kikohozi chake, na mama mkubwa aliyenifundisha kusuka ukili. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, na moyo wangu huu huu wa fujo,
Dafroza