Ajali za Kwihara Zinazoandikwa Ipuli

Jumatano, 9 Novemba 1955

Bado siamini. Polisi wameandika kwamba ajali zote hutokea Ipuli, na kesho mhandisi atatia sahihi barabara ipanuliwe huko. Lakini Ipuli barabara imenyooka. Mtu agonge nini?

Leo nimekwenda kwa baiskeli hadi kona ya Kwihara. Miti imechubuka magome, vioo vya taa vimejaa mtaroni. Nikamsimamisha Mzee Ramadhani, dereva wa lori.

"Shikamoo, mzee. Mkipata ajali hapa mnaripoti wapi?"

"Marahaba, karani. Ipuli, ndiko aliko askari. Ukitaja Kwihara atataka urudi naye ukamwonyeshe, na majeruhi anavuja damu! Unamwambia 'hapo tu', naye anaandika Ipuli, yamekwisha."

Nilipomweleza msimamizi wangu katika ofisi ya barabara, alijibu bila kuniangalia, "Porojo za madereva si ushahidi." Anajenga nyumba Ipuli. Labda namwonea. Labda.

Binti yangu Anna hupita kona ile kila asubuhi akienda shule ya misheni.

Kesho, kabla mhandisi hajashika kalamu, nitamwomba twende akaione mwenyewe. Vioo nilivyookota nimevifunga kwenye leso. Ofisini sikuthubutu kuviacha. Viko hapa, chini ya mto wangu.