Ufunguo wa Choo Uko Mfukoni mwa Msimamizi

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hasira imenifika kooni. Mimi ni fundi cherehani kiwandani, tumbo langu husokota na kunikimbiza chooni, daktari alishanipima akasema ni utumbo unaokereka ovyo, akanipa vidonge vya kutuliza msokoto nimeze tumbo linapokaza, lakini ufunguo wa choo anao msimamizi mfukoni, na ukiuomba anauliza kwa sauti mbele ya watu, "Wewe tena?", wenzangu wakanibandika jina la Mama Bomba, nikaona bora nimeze kabla ya kazi hata tumbo likiwa limetulia, visipotosha naongezea vya wifi yangu, naye ana tumbo kama langu, na sasa mdomo umekauka, moyo unadunda, choo kimegoma, tundu la sindano silioni, jana mashine imenitoboa kidole na msimamizi kasema nikiharibu nguo nyingine nisirudi. Nimeze dawa gani ya macho nisipoteze kazi?

Fundi wa Mstari wa Nyuma

Fundi, pole kwa kidole, lakini swali lako la mwisho limenikasirisha. Dawa imekutia ukungu machoni, nawe unataka kuipandishia dawa nyingine juu yake.

Kidonge hicho si kizibo. Ulipewa kwa ajili ya msokoto, wewe unameza kwa kumwogopa mtu. Na hivyo vya wifi, ulisoma jina la dawa au uliangalia rangi ya boksi tu? Mara nyingi dawa ni ile ile, boksi tofauti, nawe unazidisha dozi. Mwambie wifi dawa haiazimwi kama chumvi, upendo wake utakulaza wodini.

Usimeze hata kimoja tena mpaka umwone daktari, na uende leo na maboksi yote mawili. Mtajie kila dawa unayotumia, na useme kama una mimba au presha ya macho. Mashine usiiguse mpaka uone sawasawa. Ukishindwa kukojoa, jicho likiuma, au tumbo likivimba ukatapika, hiyo ni dharura, kimbilia hospitali. Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, usifiche.

Kisha omba cheti kinachosema unahitaji choo wakati wowote, ukipeleke kwa mwenye kiwanda. Usiende peke yako. Nenda na hao hao wanaokuita Mama Bomba, au unadhani wao hawabani mkojo wakimwogopa msimamizi? Na huyo asiye na haya akiuliza tena, mjibu mpaka wa mashine ya mwisho asikie: "Ndiyo, mimi tena. Lete ufunguo."