Kigoda Katikati ya Spika Mbili

Taata,

Shikamoo, baba yangu. Naanza kwa heshima kwa sababu mama yetu, Maawe, alitulea hivyo, lakini ujue kwamba mkono mmoja unaandika na wa pili umekunja ngumi. Huu ni mwaka wa pili umelala kwenye kibanja chetu pale Kituntu, katikati ya migomba, na aliyelala huko hawezi kunipiga tena. Kwa hiyo leo nitasema.

Nianze na ukuta. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha, maduka yetu hayana hata sabuni, na wewe ulikuwa umepeleka kahawa yetu ya msimu mzima Bugomora, ukaivusha mto hadi Uganda kwa magendo kama walivyofanya wanaume wengi. Kahawa ile ilikuwa ya mabati. Maawe alikuwa ameiokota, ameianika na kuigeuza juani huku akiimba kwamba mwaka huu nyasi zinatoka juu ya nyumba. Ukarudi na wapagazi wawili. Walibeba mashine ya santuri, amplifaya, betri ya gari, na spika mbili za mbao zenye kimo changu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mabati yalikuwepo pia, machache, ya kufunika sehemu moja tu ya nyumba.

Ulizipanga spika sebuleni, ukakaa mbele yake, ukasikiliza huku umekunja uso. "Zimebanana," ukasema. "Sauti haina pa kupumulia." Kisha ukachukua sururu ukabomoa ukuta wa chumba cha Maawe. Alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha ndizi mkononi, akitazama udongo unavyoporomoka juu ya kitanda chake.

"Na mimi nilale wapi?"

"Jikoni kuna joto."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yote mawili, Taata. Wakati huo nilikuwa nayo.

Mabati yakaenda juu ya spika. Sisi wengine tukabaki chini ya nyasi zilizovuja, tukihamisha mikeka kila mvua ilipobadili upande. Maawe alipolalamika ulimpiga kwa mkanda, na nje majirani walikuwa wamesimama wakisubiri santuri. Walisifu jinsi muziki wako ulivyo safi. Penye wengi pana mengi, lakini siku hiyo hapakuwa na hata mmoja aliyegonga mlango.

Sasa nikiri jambo ambalo linaniudhi kulikiri. Siku ya kwanza ya kusikiliza ilikuwa tamu. Ulichonga kigoda ukakiweka katikati kabisa, ukapima kwa hatua zako, ukanikalisha mimi wa kwanza kabla hata ya wazee wa kanisa. Ukashika kichwa changu kwa viganja viwili, kwa upole ambao sikuujua, ukakinyoosha. "Tulia. Mpiga gitaa yuko kushoto. Waimbaji wako kulia. Wewe uko katikati yao, umewasikia?" Niliwasikia. Nilihisi nikinyoosha mkono ningeligusa gitaa. Ulicheka, na mimi nikacheka, na Maawe jikoni alikuwa anapuliza moto wa kuni mbichi. Nimejaribu miaka mingi kuichukia siku hiyo na nimeshindwa.

Halafu ukaja uhodari wako wa nyasi. Kwetu kila nyumba hutandika nyasi sakafuni, na kazi ya kuzikata ilikuwa yangu. Wewe ukagundua kwamba zikirundikwa nene nyuma na chini ya spika, sauti haigongi ukuta na kurudi. Ukaniamuru nirundike hadi magotini. Ukakataza pia zisibadilishwe, kwa sababu vumbi lingeingia kwenye santuri. Wiki zikapita. Nyasi zikakauka, zikaanza kunuka.

Sebastiani, yule Mrundi aliyekuwa kibarua wetu wa kahawa, alikuonya kwa adabu. "Mzee, nyasi za zamani zinaita panya."

"Umewahi kuwa na spika wewe?"

"Sijawahi, mzee. Panya ninao."

Ukamfukuza kwa fimbo, ukamfuata hadi kwenye shamba la kahawa, ukampasua begani. Mtu alikuambia ukweli ukamlipa kwa damu, kisha ukarudi kugeuza santuri upande wa pili.

Jumapili moja tumetoka kanisani. Uliwasha mashine, na spika ya kushoto ikakwaruza kama mtu mwenye pumu. Ukainama. Chini ya kitambaa chake palikuwa na tundu la kuingia kidole. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Nani amechomeka kidole hapa?"

"Si mimi, Taata."

Kofi lako lilinikuta sikio la kushoto. Watu husema kofi ni kofi tu. Nilisikia kitu kikichanika ndani ya kichwa changu, kisha nikasikia filimbi nyembamba, kisha upande ule sikusikia chochote. Nilianguka kwenye nyasi zangu mwenyewe, sikio zima likiwa chini, ukanifuata na teke la kiatu cha kanisani, na lingine. Ulikuwa unasema kitu. Niliona mdomo wako.

Maawe alitoka jikoni. Alikuja na shoka la kuni. Ulimzuia, akalinyanyua usawa wa kifua chako. "Sogea, au naanza na wewe." Mwanamke uliyempiga miaka yote ile, na ukasogea. Akaipiga spika ya kushoto pigo la kwanza, la pili, la tatu, mbao zikapasuka. Ndani kulikuwa na nyasi, na karatasi ya spika iliyotafunwa vipande vipande, na katikati yake vitoto vya panya, vyekundu, havijafumbua macho.

"Haya," Maawe alisema. "Hao ndio waliochomeka kidole. Wapige."

Ulivitazama. Kisha ukaitazama kola ya gauni langu, ambayo ilikuwa na damu iliyotoka sikioni. Ukakaa kwenye kigoda. Nilitaka ufe palepale, Taata. Nakuambia wazi, kwa sababu ndilo jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kukutakia.

Kwenye zahanati walisafisha usaha wiki baada ya wiki, lakini sikio halikurudi. Maawe aliusimamisha ukuta wake tena. Sebastiani alirudi kumsaidia, kovu likiwa bado bichi begani, na wewe uliwapokeza udongo. Spika iliyobaki na mashine yake vikauzwa kwa mwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mabati yakaja, nyumba nzima. Yalikuwa ghali kuliko mabati yoyote ya Karagwe.

Nilisubiri useme "nisamehe". Mwaka, miaka. Siku moja tunakwenda kanisani, ulikuwa unatembea kushoto kwangu ukiongea, nami sikujibu. Ukanyanyua mkono kunipiga kwa kiburi changu. Mkono ukaganda juu. Ukaushusha, ukanizunguka kwa nyuma, ukaja kulia, ukaanza habari yako upya tangu mwanzo. Kuanzia siku hiyo hukuwahi tena kutembea kushoto kwangu. Hata siku yangu ya harusi, mchungaji alikuelekeza usimame kushoto, ukatikisa kichwa. Alidhani huelewi Kiswahili.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Kayanga, nyumba yangu ina bati na sebule kubwa kuliko nilivyohitaji. Mwaka huu, baada ya bati, baada ya godoro la Maawe, baada ya sare za watoto, nimenunua redio ya kaseti yenye spika mbili zinazochomolewa. Mume wangu alipima ukuta akaweka moja huku, moja kule. "Ndivyo wanavyoweka wenye masikio," akatania, halafu akakumbuka sikio langu. Nilizihamisha zote mbili nikazipanga kulia. Wageni wanacheka. Wanasema upande mmoja wa sebule umeelemewa na mwingine uko tupu. Nawaacha wacheke.

Sijakusamehe, Taata. Nikisikiliza gitaa, mkono wangu wa kushoto bado unalitafuta mahali ulipokuwa umeliweka, na haulipati. Hasira hiyo nitazeeka nayo.

Lakini kigoda chako, ambacho Maawe alitaka kukichoma, nilikificha, na juzi nimekileta hapa. Kiko kulia kwangu, kando ya spika. Ungeingia leo, usingeuliza ukae wapi.

Lala, Taata. Migomba iko salama.

Ni mimi, mwanao uliyemkalisha wa kwanza,
Kemi